Bodi Zilizorudi Majini

Kabla hujagusa mashine yoyote, chana boksi. Lishike kwa mikono miwili, lipasue polepole, halafu utazame pale lilipochanika. Ukiona manyoya kama ya kifaranga, hilo lina nyuzi ndefu, litakufaa. Likikatika kama biskuti, limesharudiwa viwandani mara nyingi na nyuzi zake zimechoka. Lichanganye kidogo tu. Na ukiona ngozi laini inavutika katikati ya vidole, haitaki kukatika, liweke pembeni. Hiyo ni plastiki. Nitawaeleza ilivyonifanya, maana nyinyi mnaoingia kiwandani sasa mnakuta kila kitu kimeshapangwa, na mtu akikuta kitu kimepangwa hadhani kama kuna aliyewahi kukiharibu. Aliyekiharibu ni mimi.

Naitwa Anastazia. Nimezaliwa Murukulazo, kule Ngara, kwa wazazi wakulima wa migomba na maharage. Nyumbani tulisema Kihangaza. Kiswahili nilikipata shuleni. Nilikuja Biharamulo mjini nikiwa binti, kumsaidia dada yangu aliyejifungua mapacha. Mapacha walipoanza kutembea nikatafuta kazi, nikapewa ufagio katika karakana ya useremala ya Mzee Swedi. Nilistaafu nikiwa msimamizi wa kazi yote. Kati ya ufagio na usimamizi ndipo ilipopita miaka yangu ya kutengeneza bodi za dari kwa mabanzi ya paini na maboksi ya dukani.

Mzee Swedi alikuwa mwenyeji wa Biharamulo tangu kwa babu zake. Mtu mrefu, kanzu siku ya Ijumaa, ovaroli siku nyingine zote. Ujanani alifanya kazi katika kiwanda kikubwa cha bodi huko kaskazini, na alipenda kusema kwamba mashine ya kule ilikuwa kubwa kuliko msikiti, ila hapa kwetu tuna jeki ya lori, kwa hiyo tutumie akili mahali pa chuma.

Tulianza kwa kukosea. Nyuma ya karakana kulikuwa na kilima cha unga wa mbao, na watu wa mji walimtaka Mzee akiondoe kabla hakijashika moto. Nikamwambia, kwa ujuzi wangu wa ufagio, tuuchanganye na maboksi yaliyolowekwa tutengeneze bodi. Akaniacha nijaribu. Bodi ilitoka nzuri, nyororo, rangi ya asali. Nikaiinua ukutani, ikakatikia mikononi mwangu kama kashata.

Mzee Swedi hakucheka. Aliniuliza kama nikikata katani vipande vidogo kama punje za mtama nitaweza kusokota kamba. Nikasema hapana. Akasema basi, msumeno umeshazikata nyuzi zote, huo ni unga tu. Mbao inakupa nguvu pale unapozitenganisha nyuzi zake bila kuzikata. Tangu siku hiyo akanitoa kwenye ufagio.

Njia yenyewe ni hii, na mashine zenu zote mpya zinafanya hivi hivi. Mabanzi unayakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, unayachemsha kwenye pipa kwa maji ya magadi tangu asubuhi mpaka alasiri, mpaka kipande ukikifinya kinaachia kama nyama ya ng'ombe mzee iliyokubali kuiva. Kisha unakipondaponda. Boksi unaliloweka siku moja kabla, unalivuruga mpaka liwe uji. Unachanganya, unamimina kwenye fremu yenye wavu, maji yanachuja, unabaki na tandiko nene la nyuzi. Hilo unaliweka kati ya mabamba mawili ya chuma yenye moto na kuligandamiza kwa jeki. Gundi hatukutia. Watu walikuwa hawaamini. Gundi imo ndani ya mti wenyewe, moto na uzito ndivyo vinavyoiamsha.

Kuponda ndiko kulikotuua mikono. Tulitwanga kwa kinu na mchi kama watu wa harusi. Siku moja nikachoka, nikapakia magunia mawili ya vipande vilivyochemshwa kwenye toroli, nikayapeleka kwa jirani mwenye mashine ya kusaga mahindi. Hakuwa na wateja, akakubali bila maswali mengi. Mashine ikakoroma, ikatema kitu kama pamba ya kahawia, nikarudi nikiimba. Kesho yake wanawake wa mtaa walikuja na unga wao kichwani. Ugali ulikuwa unanuka utomvu. Mmoja akasema mume wake amemuuliza kama siku hizi kwao wanakula kabati. Nilisafisha mashine ile kwa pumba siku mbili nzima, naye jirani amesimama juu yangu. Lakini tulikuwa tumejua kwamba nyundo za mashine ya kusaga zinaweza kazi ile, na Mzee Swedi akatafuta mashine chakavu ya kwetu wenyewe.

Kwenye jeki alikuwa Nestori. Wazazi wake walitoka Burundi wakakaa Ngara, naye alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, mtu mpole asiyejua kuchelewa. Herufi l na r kwake zilikuwa kitu kimoja. Karatasi kwake ni "kalatasi" mpaka leo. Yeye ndiye aliyetufundisha habari ya mvuke, kwa hasara yake. Bodi ikiwa kwenye moto, maji yaliyobaki ndani yanageuka mvuke na kutafuta njia. Nestori alifungua jeki yote kwa mkupuo mmoja. Bodi ikapasuka tumbo, mvuke ukamfuata usoni, na Jumapili akaongoza kwaya hana nyusi. Kwa hiyo jeki ifungue kama unavyofunua sufuria ya ndizi: upande mmoja kwanza, iache ipumue, halafu ndiyo uendelee.

Hayo ni makosa ya kucheka. Sasa nawaeleza lile lisilochekesha.

Mzee Swedi alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko nyingine zote. Katika kila mkupuo wa bodi, kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kitie kwenye ndoo ya maji, kikae mpaka saa hiyo hiyo ya kesho yake. Kikivimba sana au kikiachana tabaka, mkupuo wote hautoki mlangoni, hata mteja awe amelala hapo nje. Nilimwona akimrudisha mteja mkubwa kwa ajili ya kipande kimoja.

Mwaka mmoja Mzee alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika nyonga, akalazwa. Akaniachia karakana. Tulikuwa na kazi ya dari ya madarasa mawili katika shule moja ya msingi kata ya Nemba. Mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja anaitwa Dafroza, mnyoofu, sauti ndogo isiyohitaji kurudiwa. Wazazi wenyewe ndio waliotaka dari ile na ndio waliokwenda juu kupiga mbao za kushikia. Walitaka watoto wakifungua shule wakute dari. Niliahidi.

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa maboksi yalituishia. Mwenye duka mmoja akanipa mzigo mzima wa maboksi mazuri, meupe, yanang'aa ndani. Nestori alichana moja akanitazama.

"Dada, hii kalatasi ina ngozi," akasema.

Nilimwona. Niliona na ngozi yenyewe ikivutika vidoleni mwake. Nikamwambia mashine itaisaga, hakuna atakayeiona. Na kweli haikuonekana. Ilisagika vipande vidogo kama magamba ya samaki, vikalala ndani ya bodi. Na kwa kuwa siku zilikuwa zimekwisha, bodi themanini zilitoka mlangoni bila kipande hata kimoja kulala kwenye ndoo. Naomba mnielewe vizuri. Sikukosea kwa kutojua. Nilijua.

Shule ilifunguliwa dari ipo juu, nyeupe kwa chokaa, na kila mtu alinipongeza. Mvua za vuli zikaanza. Hewa ya mvua peke yake, hata bati lisipovuja, inaingia kwenye bodi. Wiki ya tatu bodi zikaanza kushuka matumbo. Wiki ya nne, asubuhi, darasa la nne likiwa kwenye hesabu, moja ikaachana tabaka mbili ikaanguka pamoja na kipande cha mbao chenye msumari. Ilimpata msichana anaitwa Oliva kwenye paji la uso.

Mwalimu Dafroza alinipigia simu mwenyewe. Hakupandisha sauti. Alisema mtoto ameshonwa nyuzi tatu na watoto wote wametolewa nje. Neno nyuzi nilikuwa nalitamka kutwa kazini, nikilitaka, nikilitafuta. Asubuhi ile lilinichoma.

Nilipanda pikipiki mpaka Nemba. Kwanza nilikwenda kwa kina Oliva. Mama yake alikuwa anachambua maharage barazani. Nikamwambia mimi ndiye niliyetengeneza ile bodi, na haikuanguka kwa bahati mbaya, niliitengeneza vibaya. Aliweka ungo wa maharage chini. Kisha akanisogezea kigoda, akaniambia mtoto amelala, nisubiri aamke nimwambie na yeye. Nikasubiri. Oliva alipoamka nikamwambia. Aliniuliza kama bodi nyingine nazo zitaanguka. Nikamwambia hazitapata nafasi, nazishusha leo.

Nilizishusha kwa mikono yangu, mimi na Nestori aliyenifuata na lori la kukodi, wazazi wakiwa wamesimama uwanjani wanatutazama. Hakuna aliyetusaidia na sikutegemea. Tulipomaliza, kamati ya shule ilikaa kibarazani. Mwenyekiti akasema watatafuta plaiwudi Mwanza, habari ya maboksi iishe. Wengi waliitikia.

Nikaomba kusema. Nikasema nitazitengeneza upya zote, kwa mikono yangu, na zamu hii hazitaanguka. Mwenyekiti akaniuliza kwa nini waniamini. Mwalimu Dafroza ndiye aliyesema.

"Watoto wangu wamekaa mwezi mzima chini ya kitu ulichokitengeneza wewe. Sitaki maneno tena. Niletee bodi moja. Nitaitundika pale kwenye kona, bati linapovuja. Ikae hapo mpaka mimi niseme."

Siku ya pili yake nilikwenda hospitali na kipande cha bodi ndani ya kitenge. Nikampa Mzee Swedi shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia kwamba uso wangu una habari. Nikamwambia yote bila kuficha, hata yale ya Nestori kunionya. Nilidhani atanifukuza. Aliomba kipande. Akakivunja, akakinusa, akatenganisha tabaka kwa kucha mpaka gamba moja la plastiki likatokea, akaliweka juu ya shuka na kulitazama.

"Bodi zenyewe ziko wapi?" akauliza.

Nikamwambia ziko karakana, nafikiri nizichome.

"Usichome. Seremala akikosea kukata, mbao imekatika, imekwisha. Sisi kosa letu linarudi majini. Zirudishe zote themanini, kila moja. Ukichoma utasahau."

Nilitoka pale nina kazi.

Nikawakusanya wenzangu karakana nikawaambia kilichotokea na kilichopo mbele. Nikasema asiyetaka kurudia kazi aliyoifanya mara ya kwanza kwa uaminifu hana kosa, anaweza kubaki kwenye meza na viti. Nestori alikwishavua shati. Tukavunja bodi, tukaziloweka kwenye mapipa, tukazivuruga mpaka zikawa uji. Plastiki ni nyepesi kuliko maji na nyuzi zikilowa zinazama. Hilo ndilo lililotuokoa. Ukiliacha pipa litulie, magamba yanapanda juu. Tuliyaengua kwa vichujio vya chai, tunavuruga tena, tunaacha yatulie, tunaengua tena. Siku kumi na moja tulifanya hivyo, mikono imepauka na ngozi imekunjamana kama ya mzee wa miaka mia.

Hapo ndipo nilipopata kipimo cha glasi mnachokitumia mpaka leo. Chukua uji kidogo kwa ncha ya vidole, utie kwenye glasi ya maji, tikisa, inyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi njema zinatanda kama wingu jepesi. Ukiona kipande kinachong'aa kinageukageuka, pipa bado. Nilikuwa natazama glasi mpaka nikilala naona mawingu.

Nikaongeza paini mpya na maboksi ya kawaida niliyoyachana mwenyewe, moja moja. Bodi ya kwanza ikatoka. Kipande chake kikalala kwenye ndoo mpaka saa hiyo hiyo ya kesho yake, kikatoka kigumu. Nikaifunga kwenye pikipiki nikaipeleka Nemba.

Mwalimu Dafroza aliitundika kama alivyosema, kwenye kona inayovuja. Ilikaa wiki tatu. Baadaye walimu waliniambia kwamba kila asubuhi kabla ya kengele alikuwa akiichoma kwa ncha ya mwavuli wake, sehemu tofauti kila siku. Wiki ya tatu mwenyewe alinipigia simu. Alisema mwavuli umeharibika. Sikuelewa, nikaanza kumpa pole. Akaniambia, "Bodi ni nzima. Leta nyingine."

Lakini mvua ilikuwa bado inanyesha, na bodi mbichi haikauki kwenye hewa ya mvua, inaota ukungu. Mara ya kwanza nilikuwa nimekimbiza. Mara ya pili sikuwa tayari kukimbiza wala kungoja kiangazi. Tukajenga chumba cha tofali za udongo nyuma ya karakana, jiko chini, bomba la bati la kupitisha moshi, na vichanja vya kusimamisha bodi ili joto lipite pande zote. Moto wake mdogo, wa mabaki yetu wenyewe, maana moto mkali unaipindisha bodi kama jani la tumbaku. Chumba kile ndicho mnachokiita dryer. Sasa kina feni na saa ya joto. Siku zile saa ya joto ilikuwa shavu langu: naingia, nasimama nikihesabu mpaka hamsini, shavu likiuma nafungua mlango.

Katika kila mkupuo kipande kililala kwenye ndoo. Mikupuo miwili ilishindwa. Wa kwanza tuliurudisha pipani. Wa pili ulishindwa kidogo sana, uvimbe wa unene wa ukucha, na zilikuwa zimebaki bodi sita tu kumaliza. Nestori alisimama na zile sita mikononi. Nikazichukua nikazitia majini mwenyewe. Nafikiri siku ile ndipo nilipokuwa fundi.

Tulizipandisha wakati wa likizo, bati la ile kona likiwa limeshazibwa. Zamu hii wazazi walipanda nasi kwenye kenchi, na baba yake Oliva ndiye aliyekuwa ananipa misumari. Mwalimu Dafroza alipita madarasa yote mawili na mpini wa ufagio akigonga bodi moja moja, themanini zote, ameinua uso, anasikiliza.

Masika yalipoanza nilikwenda Nemba bila kualikwa. Sikuweza kukaa mjini. Nilifika mvua inakuja kutoka upande wa msitu, nikaomba kukaa nyuma ya darasa la tano, nalo lina dari yetu. Oliva alikuwa dawati la tatu, alama ndogo imebaki juu ya nyusi. Mvua ikamwagika juu ya bati. Katika shule zetu mnajua kinachotokea: mwalimu anaweka chaki mezani, watoto wanakunja mikono, somo linasimama mpaka mbingu zinyamaze. Mwalimu alitazama juu mara moja. Kisha akaendelea kusoma imla, kwa sauti ile ile, na watoto wakaendelea kuandika. Nilikaa mpaka mvua ikakatika. Hakuna tone wala tumbo lililoshuka.

Nikarudi mjini nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Swedi. Alikuwa ametoka hospitali, anakaa kibarazani na magongo yake, hakurudi tena karakana kwa miguu yake mpaka alipofariki. Nikamweleza kila kitu, mvua, imla, mpini wa ufagio. Nilikuwa nangoja aseme neno, sitawaficha. Mtu ukishafanya kazi mara mbili unatamani kusifiwa angalau mara moja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kesho tunachemsha nini.

Nikamwambia kuna oda ya dari ya zahanati, mabanzi yapo, maboksi bado hayajalowekwa.

Akatazama jua.

"Saa kumi hii," akasema. "Utayaloweka lini?"

Nikavaa kandambili zangu nikaenda.